Ratiba ya TV inayojishusha yenyewe Goma: tatizo kubwa ni saa

Kompyuta ya sebuleni yenye tyuna ya antena au dishi inaweza kukurekodia kipindi wakati wewe uko soko la Virunga, kwa sharti moja: ijue kipindi hicho kinaanza saa ngapi. Habari hiyo inaipata kwenye ratiba ya vipindi, lile jedwali la chaneli na saa linalotokea ukibonyeza kitufe cha mwongozo kwenye rimoti. Ratiba ikikosekana, kompyuta inabaki kuwa kioo cha kutazamia. Ikiwepo lakini saa zake zimeteleza, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu utarekodi matangazo ya sabuni ukiamini umerekodi mechi.

Wengi wanaojaribu jambo hili Goma wanatumia nguvu zao zote kwenye kushusha faili. Kushusha kwenyewe ni skripti (faili la amri zinazofuatana) ya mistari kumi na kitu. Kinachoharibu ratiba hapa kwetu ni saa: saa ya mashine, saa ya Kinshasa, saa ya Paris, na saa ambazo umeme upo. Maelezo yafuatayo yanatumia Tvheadend kwenye Linux kama mpokeaji wa matangazo na Kodi kama programu ya kutazamia, kwa kuwa zote mbili ni za bure na zinakwenda vizuri hata kwenye kompyuta ndogo ya zamani.

Ratiba inatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni mawimbi yenyewe. Kituo cha kidijitali hakirushi picha na sauti tu. Kinarusha pia jedwali liitwalo EIT, lenye majina ya vipindi na saa zake, kwenye mkondo wa data nambari 18. Jedwali hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza inataja kipindi cha sasa na kinachofuata. Ya pili inataja siku kadhaa mbele, nayo si kila kituo kinaijaza. Uzuri wa EIT ni kwamba haili mega hata moja. Udhaifu wake ni kwamba tyuna lazima ihamie kwenye masafa ya kituo husika ili kulikusanya, kwa hiyo kama una tyuna moja na mtu anatazama chaneli ya masafa mengine, ukusanyaji unasubiri au unashindwa. Upange ufanyike usiku watu wakiwa wamelala.

Saa za EIT zinatakiwa kuandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia ambayo majira ya kila nchi hupimwa kwayo, na mpokeaji ndiye anayezigeuza kuwa saa za mahali. Kituo kikikosea na kuandika saa za kwake kana kwamba ni UTC, mashine ya Goma inaongeza saa mbili juu yake. Kituo cha Goma kikitangaza hivyo kipindi cha 19:00, wewe utakiona kwenye 21:00. Kwenye Tvheadend dawa iko katika mipangilio ya mtandao wa matangazo, sehemu iitwayo EIT time offset. Ibadilishe kwa mtandao huo tu. Ukigusa saa ya mashine nzima kwa ajili ya kosa la kituo kimoja, unaharibu chaneli zote nyingine.

Chanzo cha pili ni intaneti, na huko lugha ya pamoja ni XMLTV. Hili ni faili la maandishi lenye orodha mbili: orodha ya chaneli, kila moja na kitambulisho chake, kisha orodha ya vipindi, kila kimoja na saa ya kuanza, saa ya kuisha, kitambulisho cha chaneli, jina na maelezo. Faili hilo unaweza kulikuta tayari kwenye anwani fulani, mara nyingi limebanwa kwa gzip (programu ya kupunguza ukubwa wa faili), au ukalitengeneza mwenyewe kwa programu kama WebGrab+Plus, inayosoma kurasa za ratiba za watangazaji na kuzigeuza kuwa XMLTV.

Vyanzo hivi vinakufa, na ni vema kulijua hilo mapema. Zap2it Labs ilifunga huduma yake ya bure mwaka 2007, na Schedules Direct ikaanzishwa kuziba pengo hilo, hasa kwa watazamaji wa Marekani na Kanada. Microsoft nayo iliacha kutoa ratiba za Windows Media Center Januari 2020, na mashine zilizotegemea chanzo hicho kimoja zikabaki na jedwali tupu. Kwa hiyo tenganisha kazi: chombo kimoja kishushe, kingine kikague, kingine kimeze. Chanzo kikifa unabadilisha anwani moja na mengine yote yanabaki yalivyo.

Hesabu ya mega

Kabla ya kuweka kitu chochote kijiendeshe, piga hesabu. Tuseme una chaneli 20, siku 7, na vipindi 30 kwa siku kwa kila chaneli. Hivyo ni vipindi 4,200. WebGrab+Plus ikisoma ukurasa mmoja wa ratiba kwa kila chaneli kwa kila siku, inafungua kurasa 140. Kila ukurasa ukiwa na kilobaiti 100, umetumia megabaiti 14. Lakini faili za maelekezo za tovuti nyingine zinaiambia programu ifungue pia ukurasa wa kila kipindi ili ipate maelezo marefu na majina ya waigizaji. Hapo kurasa ni 4,200, na kwa uzito uleule ni megabaiti 420. Bando la wiki linaweza kuyeyuka usiku mmoja, na asubuhi mtu wa nyumbani anauliza nani kamaliza mega.

Faili la XMLTV lililo tayari ni jepesi zaidi. Vipindi 4,200 vyenye maelezo mafupi vinafika megabaiti 2 au 3, na gzip huyashusha maandishi ya aina hii hadi karibu sehemu ya kumi. Ukipata chanzo kizuri cha namna hii, kichague hicho kwanza.

Kwenye WebGrab+Plus, faili WebGrab++.config.xml lina mambo matatu yanayogusa mega. La kwanza ni timespan, idadi ya siku, ambayo inaanza kuhesabu na 0 yaani leo peke yake. Kwa hiyo 6 ni siku saba. La pili ni update, na thamani yake iwe i, ili programu ilete mapya na yaliyobadilika tu badala ya kuanza upya kila siku. La tatu ni retry, idadi ya majaribio mtandao ukikatika. Hapo hapo weka index-delay ya sekunde kadhaa. Tovuti inayopigwa maombi mfululizo kutoka anwani moja itakufungia mlango, nayo haitakosea.

Saa tatu katika nyumba moja

Kongo ina majira mawili. Kinshasa iko UTC+1. Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko UTC+2. Kipindi kinachotangazwa kuanza 20:00 Kinshasa kinaanza 21:00 kwetu. Mtazamaji analijua hilo tangu utotoni, ila programu hailijui mpaka iambiwe.

Kosa la kawaida kuliko yote linazaliwa siku ya kusakinisha mfumo. Programu inauliza nchi, mtu anachagua Kongo, na mashine inajiwekea majira ya Africa/Kinshasa. Baadaye anaona saa iko nyuma kwa saa moja, anaisogeza mbele kwa mkono, na inaonekana imepona. Haijapona. Ndani yake kompyuta inahesabu kwa UTC, na sasa UTC yake imetangulia kwa saa nzima. Kioo kinaonyesha 21:00 kama saa ya ukutani, lakini ratiba inageuzwa kwa majira ya Kinshasa, kwa hiyo kipindi kinachoanza 21:00 ya Goma kinaandikwa 20:00, na kurekodi kunaanza saa moja kabla ya wakati. Kisha intaneti inaporudi, saa inajisahihisha yenyewe na kila kitu kinaruka tena. Dawa ni amri moja:

timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

Hilo ndilo jina rasmi la majira ya mashariki mwa Kongo yote. Usitafute Goma kwenye orodha, haimo. Baada ya hapo acha saa ijipange kwa intaneti na usiiguse kwa mkono tena.

Ndani ya XMLTV saa inaandikwa hivi:

start="20260310200000 +0100"

Mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, kisha tofauti na UTC. Mkia ule wa +0100 ndio roho ya mstari wote. Ukiwa sahihi, mashine ya Goma itaweka kipindi hicho 21:00 bila kuulizwa. Ukikosekana, kanuni ya XMLTV inasema saa ihesabiwe kuwa ni UTC, na kipindi cha 20:00 ya Kinshasa kitasogea hadi 22:00.

Chaneli za Ufaransa zina mtego wao. Paris iko UTC+1 majira ya baridi na UTC+2 majira ya joto, na inageuka Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2026 siku hizo ni 29 Machi na 25 Oktoba. Majira ya joto Paris na Goma zina saa moja. Majira ya baridi sisi tumetangulia. Sasa fungua faili la maelekezo la WebGrab+Plus la tovuti ya Kifaransa, utafute neno timezone. Likiwa limeandikwa UTC+01:00, ratiba yako itakuwa sawa Januari na itapotea Aprili. Liandike Europe/Paris, na programu itafuata mageuzi yenyewe. Ndiyo maana pia haifai kusahihisha tofauti kwa kuongeza saa moja ya kudumu kwenye Kodi, kupitia tvg-shift (alama ya kusogeza saa kwenye orodha ya chaneli) au mpangilio wa kusogeza ratiba: sahihisho la Februari linakuwa kosa la Aprili.

Ukitaka kujihakikishia, Linux yenyewe inakufanyia hesabu:

date -d 'TZ="Europe/Paris" 2026-03-10 20:00' '+%Y%m%d%H%M%S %z'

Kwenye mashine iliyowekwa Africa/Lubumbashi jibu ni 20260310210000 +0200. Badilisha mwezi uwe 04, jibu linakuwa 20260410200000 +0200. Linganisha na kilichomo kwenye ratiba yako na utajua mara moja kosa liko upande gani.

Kuna saa nyingine iliyofichika kwenye ubao wa kompyuta, inayoendeshwa na betri ya duara ya CR2032. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika mashine inaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Kwa tarehe hiyo vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika, na kushusha kunakataa kwa ujumbe wa cheti ambao unamfanya mtu alaumu intaneti. Kabla ya kulaumu, andika date. Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za ubao mmoja, za kabla ya ile ya 5 hazina saa ya betri kabisa, kwa hiyo kila zinapowaka saa yao inaweza kuwa nyuma hadi intaneti iisahihishe. Na kama kompyuta ina Windows na Linux pamoja, tofauti ya saa mbili kamili inayotokea kila ukibadilisha mfumo inatokana na Windows kuandika saa ya mahali kwenye ubao wakati Linux inategemea UTC.

Skripti

Hii inafaa kwa faili la XMLTV lililobanwa. Folda /var/lib/ratiba iwe mali ya mtumiaji hts, ambaye ndiye anayeendesha Tvheadend kwenye Debian (aina mojawapo ya Linux).

#!/bin/sh
ANWANI="weka hapa anwani ya faili"
cd /var/lib/ratiba || exit 1
rm -f mpya.gz mpya.xml
curl -fsS -R --retry 5 --retry-delay 60 --max-time 900 -z ratiba.xml.gz -o mpya.gz "$ANWANI"
if [ -s mpya.gz ] && gzip -t mpya.gz && gunzip -c mpya.gz > mpya.xml && xmllint --noout mpya.xml
then
mv mpya.gz ratiba.xml.gz
mv mpya.xml ratiba.xml
fi
socat -u OPEN:ratiba.xml UNIX-CONNECT:/var/lib/tvheadend/epggrab/xmltv.sock

Mstari wa curl ndio unaookoa mega. Kwa -z, inaiuliza seva: faili limebadilika tangu tarehe ya nakala niliyo nayo? Kama halijabadilika, seva inajibu kwa maneno machache na hakuna kinachoshuka. Ili swali hilo liwe na maana, -R inaipa nakala yetu tarehe ileile ya seva. Siku ya kwanza, nakala ikiwa bado haipo, curl itaruka swali la tarehe na kushusha faili zima, usijali. Nayo -f inazuia ukurasa wa kosa wa seva usihifadhiwe kana kwamba ni ratiba.

Sehemu ya if ni mlango wenye walinzi. Intaneti ikikatika katikati, mpya.gz inabaki nusu, na gzip -t inaikataa. Faili likiwa zima lakini maandishi yake yana hitilafu, xmllint inalikataa. Ratiba ya zamani haiguswi mpaka mpya ipite pote. Ratiba ya jana yenye siku sita mbele ina thamani kuliko faili jipya lililokatika saa sita mchana ya leo.

Angalia kwamba socat, amri inayoipeleka ratiba kwa Tvheadend kupitia soketi (njia ya ndani ya programu kupokea data), iko nje ya if. Imewekwa hapo makusudi. Tvheadend inashikilia ratiba kwenye kumbukumbu na kuiandika diskini inapozimwa vizuri. Umeme ukikatika ghafla, ratiba inaweza kupotea. Skripti inayosema hakuna jipya, basi naishia hapa, itakuacha na jedwali tupu hadi chanzo kitoe faili lingine. Kwa hiyo mezesha kila mara, hata nakala ya jana. Pia kwenye mipangilio ya EPG (ratiba ya vipindi) ya Tvheadend weka kuhifadhi ratiba diskini kila baada ya saa 1.

Ile soketi ya xmltv.sock haipo mpaka uwashe moduli ya nje ya XMLTV kwenye ukurasa wa Tvheadend, unaofunguka kwenye mlango 9981. Njia yake inatofautiana kati ya matoleo; usipoiona hapo, itafute kwa find / -name xmltv.sock.

Umeme una ratiba yake

Cron, kipanga kazi cha kawaida cha Linux, inafanya kazi dakika uliyoitajia. Mashine ikiwa imezimika dakika hiyo, kazi imepita na hairudi. Kwa nyumba ya Katindo au Ndosho ambako huwezi kuapa kwamba umeme utakuwepo saa kumi alfajiri, tumia taima ya systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux. Faili /etc/systemd/system/ratiba.timer linabeba haya:

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 04:10:00
Persistent=true
OnBootSec=5min
RandomizedDelaySec=10min

[Install]
WantedBy=timers.target

Neno Persistent ndilo linalobeba mzigo: kama saa 04:10 ilipita mashine ikiwa imelala, kazi inafanyika inapoamka. OnBootSec inaongeza kumezesha ratiba kati ya dakika tano na kumi na tano baada ya kila kuwaka (RandomizedDelaySec inaongeza hadi dakika kumi za bahati nasibu), kwa sababu tuliyoieleza juu. Faili la pili, ratiba.service, lina Type=oneshot, User=hts, ExecStart inayoelekea kwenye skripti yako, na kwenye sehemu ya Unit mistari hii:

Wants=network-online.target
After=network-online.target tvheadend.service

Kisha systemctl enable --now ratiba.timer. Kwa mashine isiyo na saa ya betri, ongeza time-sync.target kwenye After, na uwashe systemd-time-wait-sync.service, ili kazi isianze kabla saa haijasahihishwa. Kwa mashine yenye betri nzima usifanye hivyo, kwa kuwa kazi itakaa ikingoja intaneti hata kama nakala ya jana ingetosha.

Ruta na kompyuta ziwe kwenye betri moja au inverta moja. Kompyuta iliyo macho wakati ruta imezimika haina inachoshusha. Anayetumia Windows atapata kazi hiyohiyo kwenye kipanga kazi cha mfumo: kuna kisanduku cha kuendesha kazi iliyokosa wakati wake na kingine cha kuamsha kompyuta. Weka alama kwenye vyote viwili.

Chaneli bila ratiba

Ratiba imeshuka, soketi imeimeza, na bado chaneli tatu ni tupu. Karibu kila mara ni kitambulisho. Kwenye Tvheadend fungua orodha ya chaneli za EPG na uunganishe kila moja na chaneli yako kwa mkono, mara moja tu. Kwenye PVR IPTV Simple Client, kiongezi cha Kodi cha chaneli za intaneti, tvg-id (kitambulisho cha chaneli) ya orodha yako inapaswa kulingana na kitambulisho cha XMLTV. Nafasi tupu mwishoni mwa jina inatosha kuvuruga. Chaneli inayopokea ratiba kutoka EIT na XMLTV kwa pamoja inaweza kuonyesha vipindi vinavyobadilika majina kila baada ya saa chache. Ichagulie chanzo kimoja.

Vituo vya Goma na Bukavu vyenyewe ni habari nyingine, maana vingi havina ukurasa wa ratiba ambao programu yoyote inaweza kuusoma. Hapo andika kwa mkono. Wiki ya kituo kidogo inajirudia: habari ya jioni saa ileile, ibada Jumapili, muziki mchana. Tengeneza faili la mistari 20 au 30, kila mstari na siku, saa ya kuanza, saa ya kuisha na jina la kipindi, kisha skripti fupi igeuze mistari hiyo kuwa XMLTV ya siku saba zijazo kwa amri ileile ya date, kwa mkia wa +0200. Imezeshe kwenye soketi ileile baada ya faili kubwa. Kipindi cha moja kwa moja hakifuati karatasi, kwa hiyo kwenye mipangilio ya kurekodi ya Tvheadend anza dakika 5 kabla na malizia dakika 20 baada. Kituo kikibadilisha wiki yake, unarekebisha mstari mmoja, unaandika systemctl start ratiba.service, na journalctl -u ratiba.service inakuonyesha kama skripti imekwama.